Soya ile ile, mashamba manne, mavuno tofauti: tununue mbegu ipi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wakulima mkoani Ruvuma. Msimu uliopita tulijaribu aina tatu za soya, nusu ekari kila moja, kwenye mashamba ya wenzetu wanne: Peramiho, Mbinga, Namtumbo na Tunduru. Tuziite A, B na C. A na B tulinunua dukani, C ni mbegu yetu ya siku nyingi. Kwa ekari, kwa gunia za kilo 100, tulipata hivi. Peramiho: A 10, B 8, C 4.5. Mbinga: A 7, B 6.5, C 4.5. Namtumbo: A 5, B 6, C 4. Tunduru: A 2, B 3.5, C 3.5. Peramiho walipanda wiki ya pili ya Desemba, wakaweka mbolea ya TSP na ile dawa ya bakteria kwenye mbegu. Dawa haikuwatosha wengine. Tunduru mbegu zilichelewa kufika, wakapanda katikati ya Januari. A ilikomaa kwa siku 120 Peramiho, B kwa siku 105. Kijarida cha A kinasema tani 3.5 kwa hekta. Wapo wanaosema tumeuziwa mbegu feki. Mwenye duka anasema ni urefu wa mchana wa Tunduru. Tunataka aina moja imara kwa kikundi kizima ili tuuze mzigo mmoja. Ni ipi?"

Ndugu zangu, kupanda aina tatu mahali panne na kuandika mavuno ya kila shamba ni kazi ambayo vikundi vingi huikwepa, na ndiyo inayoniwezesha kuwajibu kwa hesabu. Nikiwaelewa vizuri, hofu yenu ni kuweka pesa ya kikundi kwenye mbegu itakayowatajirisha wa Peramiho na kuwafilisi wa Tunduru. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ndani ya swali lenu mna maswali mawili: kwa nini A imeanguka kiasi hicho Tunduru, na aina ipi inategemeka. La kwanza lazima litangulie, kwa sababu sehemu ya anguko hilo huenda haina uhusiano wowote na aina ya mbegu.

Kijarida kwanza. Tani moja kwa hekta ni karibu gunia 4 kwa ekari, kwa hiyo tani 3.5 ni kama gunia 14. Takwimu kama hiyo huonyesha uwezo wa mbegu ikipata kila inachohitaji: udongo mzuri, mbolea, palizi mbili za wakati, nafasi sahihi, mvua isiyokatika. Si ahadi ya wastani, wala haisemi chochote kuhusu mbegu hiyo itafanyaje msimu ukiharibika. Aina mbili zinaweza kuandikiwa uwezo uleule wa tani 3.5, moja ikashuka hadi tani 2 katika mwaka mbaya na nyingine ikashuka hadi nusu tani. Hilo la pili ndilo mnalolitafuta, na vijarida hukaa kimya juu yake.

Mbegu feki? Mbegu ya mfuko uleule imetoa gunia 10 Peramiho, kwa hiyo sidhani kuwa mliuziwa aina nyingine. Mbegu kuchoka njiani ni jambo tofauti, na linawezekana sana. Mbegu ya soya ina mafuta karibu asilimia 20 na ganda lake ni jembamba. Ikikaa kwenye joto na unyevu hupoteza uhai upesi kuliko mahindi au maharage. Mbegu iliyokuwa inaota 90 kwa mia mwezi Novemba inaweza kushuka sana ikikaa wiki kadhaa ndani ya stoo ya bati, na gunia likirushwa kutoka kwenye lori mbegu hupasuka ndani bila kuonekana nje. Ya Tunduru ilisafiri mbali zaidi na kungoja muda mrefu zaidi. Msimu ujao kila shamba lipime lenyewe wiki moja kabla ya kupanda: hesabuni mbegu 100 bila kuchagua, zipangeni kwenye kitambaa kilicholowanishwa au kwenye mchanga wenye unyevu, ziwekeni kivulini, na baada ya siku 5 hadi 7 hesabuni zilizotoa mche mzima wenye mzizi na shina. Zikiwa 80 au zaidi, pandeni kama kawaida. Zikiwa kati ya 60 na 80, ongezeni mbegu kwa kiasi hicho hicho kilichopungua. Chini ya 60, rudisheni dukani pamoja na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, iliyokuwa kwenye mfuko. Bila kipimo hiki hamtajua kama Tunduru ilivuna kidogo kwa sababu aina imeshindwa au kwa sababu nusu ya mashimo yalikuwa matupu.

Urefu wa mchana ni sababu ya kweli kwa soya, ila hapa imewekwa mahali pasipo pake. Soya huhesabu usiku: usiku ukiwa mrefu vya kutosha hutoa maua, ukiwa mfupi huendelea kurefuka. Garner na Allard wa Marekani walilieleza jambo hili mwaka 1920, na soya ilikuwa mojawapo ya mimea waliyoitumia. Ndiyo maana soya ya Illinois, iliyozoea mchana wa saa 15 wakati wa kiangazi, ikiletwa kwetu huchanua ikiwa bado fupi na kuzaa maganda machache karibu na ardhi. Brazil ilifanikiwa kuipanda soya karibu na ikweta baada ya watafiti kupata mimea inayochelewa kuitikia usiku mrefu. Sasa angalieni ramani: Songea, jirani na Peramiho, na Tunduru ziko karibu kwenye mstari mmoja, nyuzi 11 hivi kusini mwa ikweta. Siku ndefu kuliko zote mwezi Desemba ina saa 12 na dakika 45 hivi katika miji yote miwili. Tofauti yao haitimii dakika 5. Maelezo ya mwenye duka yangekuwa na maana kama mbegu ingetoka mbali sana kaskazini. Kati ya mashamba yenu manne hayana.

Kinachotofautiana kweli ni mwinuko, na mwinuko maana yake joto. Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Tunduru ni karibu mita 700. Kwa kila mita 100 mnazoshuka joto hupanda kwa karibu nyuzi 0.6, hivyo Tunduru ina joto zaidi ya Mbinga kwa nyuzi 4 hivi. Soya hukua kwa kukusanya joto. Aina inayokomaa kwa siku 120 Peramiho inaweza kukomaa wiki mbili mapema Tunduru, na ikachelewa Mbinga. Kufupika huko kuna gharama: majani yana siku chache za kutengeneza chakula, na usiku wa joto hula sehemu ya kile kilichotengenezwa mchana.

Ongezeni hapo tarehe ya kupanda. A iliyopandwa Peramiho wiki ya pili ya Desemba ilikuwa imemaliza kujaza punje kabla mvua hazijaanza kukatika mwezi Aprili. Ya Tunduru, hata ikifupishwa na joto hadi siku 105, iliyopandwa katikati ya Januari ingekomaa mwisho wa Aprili, na kujaza maganda kungeangukia mwisho wa Machi na nusu ya kwanza ya Aprili. Kipindi hicho, tangu punje zinapoanza kuvimba ndani ya ganda hadi ganda linapojaa, ndicho soya haivumilii kiu. Ukame wa wiki mbili wakati mmea una majani sita huusimamisha tu, kisha unaendelea. Ukame huo huo wakati wa kujaza hupunguza idadi ya punje na uzito wa kila punje, na mvua ikirudi haiwezi kuvirudisha. B, kwa kuwa inatangulia kwa siku 15, ilikwepa sehemu ya adhabu hiyo. Angalieni basi: huenda mlichokipima Tunduru si udhaifu wa A bali ni kuchelewa kwa mbegu kufika. Ili mjue, aina zote mbili zinahitaji kupandwa hapo mwezi Desemba.

Sababu ya tatu naipa uzito mkubwa kuliko zote: ile dawa yenye bakteria hai iliyofika Peramiho peke yake.

Punje ya soya ni protini karibu asilimia 40, na protini hujengwa kwa naitrojeni. Tani moja ya soya, yaani gunia 10, huhitaji kilo 80 hivi za naitrojeni ndani ya mmea mzima. Ni sawa na naitrojeni iliyomo kwenye mifuko mitatu na nusu ya urea ya kilo 50. Hakuna kati yenu aliyeweka urea kiasi hicho, na hamkupaswa kuweka. Inatoka kwenye udongo kidogo na kwenye vinundu vya mizizi kwa wingi, ambamo bakteria wa raizobia huishi na kuivuta naitrojeni kutoka hewani. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wanaoipenda hawapo kwa wingi kwenye udongo wetu ambao haujawahi kulimwa soya. Ndiyo sababu watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, nchini Nigeria walizalisha aina zinazoanza na herufi TGx, ambazo hukubali kuunda vinundu na bakteria wenyeji wa udongo wa Afrika. Aina za namna hiyo hazianguki sana pasipo dawa, ingawa nyingi bado huongeza mavuno zikiipata. Aina nyingine, hasa zile zenye asili ya Marekani, bila dawa hubaki njano na njaa. Muulizeni mwenye duka asili ya A na ya B. Kama A ni ya kundi la pili na B ni TGx, tofauti kubwa kati ya Peramiho na mashamba mengine imeshapata maelezo.

Njia ya kuhakikisha ni jembe. Siku ya 40 hadi 50, mmea ukiwa na maua, chimbeni mimea mitano kwa kila aina pamoja na udongo wake, msiing'oe kwa kuivuta kwa sababu vinundu hubaki ardhini. Lowekeni mizizi kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie. Kateni vinundu kadhaa kwa wembe. Ndani pakiwa pekundu au pinki kama nyama mbichi, vinafanya kazi. Pakiwa peupe, bado ni vichanga au bakteria si wake. Pakiwa kijani au kahawia, vimekwisha. Vinundu kumi vikubwa vyekundu karibu na mzizi mkuu vina thamani kuliko hamsini vidogo vyeupe vilivyotapakaa pembeni.

Dawa yenyewe huharibika kirahisi, nayo ni viumbe hai. Nyingi za unga hutumika gramu 100 kwa kilo 10 hadi 15 za mbegu, lakini fuateni pakiti yenu. Mbegu ilowanishwe kidogo kwa maji yenye sukari ili unga ushike, ichanganywe kivulini, ipandwe siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu na kufukiwa mara moja. Msichanganye na mbolea ya chumvichumvi wala kuigusanisha na dawa ya ukungu. Pakiti iliyosafirishwa juu ya keria ya basi mchana kutwa inaweza kuwa imekufa hata kama tarehe yake haijapita.

TSP nayo ilikwenda Peramiho tu. Vinundu hula fosforasi kwa wingi, na udongo mwekundu wa nyanda zetu una tindikali na huikamata fosforasi isitoke. Kilo 40 za TSP kwa ekari, zikiwekwa kwenye mfereji na kufunikwa kwa udongo kabla ya mbegu, ndicho kiasi cha kawaida. Kama pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, iko chini ya 5.5, chokaa ndiyo inayotangulia, maana bila hiyo mtanunua TSP nyingine mwakani na udongo utaikamata tena.

Baada ya hayo yote, tuje kwenye uthabiti.

Neno hili lina maana mbili, na wakulima wengi huwa na ya kwanza kichwani huku wakihitaji ya pili. Ya kwanza: aina inayotoa kiasi kilekile popote ilipo. Ya pili: aina inayopanda pale shamba linapokuwa zuri na kushuka linapokuwa baya kwa kadiri ile ile ya wenzake, bila mshtuko. Kwa maana ya kwanza mshindi wenu ni C, kwani imekaa kati ya 3.5 na 4.5 mashamba yote. Lakini tazameni ilichofanya Peramiho: imepewa mvua, TSP na bakteria, ikarudisha gunia 4.5 tu. Hiyo ni imara kwa sababu haijui kutumia mnachoipa.

Mwaka 1963 Finlay na Wilkinson, wakichunguza shayiri huko Australia Kusini, walitumia njia rahisi ya kuutazama uthabiti wa maana ya pili. Walichukua wastani wa aina zote katika kila shamba kuwa ndicho kipimo cha ubora wa shamba lenyewe, kisha wakauliza: shamba likiboreka kwa kiasi fulani, aina hii inaongeza kiasi gani? Kwenu wastani wa shamba ni 7.5 Peramiho, 6 Mbinga, 5 Namtumbo na 3 Tunduru. Kati ya shamba bora na baya kuna gunia 4.5. Katika umbali huo A imepanda kutoka 2 hadi 10, yaani gunia 8; gawanyeni kwa 4.5, mnapata 1.8. B imepanda gunia 4.5, inapata 1.0. C imepanda gunia 1, inapata 0.2. Nimefanya pia hesabu kamili inayotumia mashamba yote manne na majibu hayakusogea: 1.8, 1.0 na 0.24. Namba iliyo karibu na 1 inasema aina inakwenda na shamba. Iliyo juu sana ya 1 ni aina ya mashamba mazuri, hulipa vizuri ukiihudumia na huadhibu usipofanya hivyo. Iliyo chini sana ni aina isiyoshuka sana wala isiyopanda. Miaka mitatu baadaye Eberhart na Russell waliongeza swali la pili: je, aina hufuata mstari wake, au huruka juu na chini bila mpangilio? Kwa mashamba manne hatuwezi kulijibu hilo kwa uhakika, ndiyo maana nitawaomba mrudie.

Sasa jambo ambalo wastani ungewaficha. Jumlisheni mavuno ya A na B: zote mbili ni 24, wastani wa gunia 6. Mtu akiwaonyesha wastani tu atasema hazina tofauti. Fanyeni na hesabu hii: katika kila shamba, aina imekosa gunia ngapi kufikia iliyoshinda hapo? A imekosa 1 Namtumbo na 1.5 Tunduru, jumla 2.5. B imekosa 2 Peramiho na 0.5 Mbinga, jumla pia 2.5. Zimefungana tena! Ila A inapoteza kwa mkulima ambaye hana cha kupoteza, na B inapoteza kwa yule ambaye hata hivyo amevuna gunia 8. Kwa kikundi kinachobeba hasara pamoja, hilo halifanani hata kidogo.

Ndipo inapoingia gharama. Kila shamba likae lipige hesabu ya mbegu, mbolea, kulima, palizi, kuvuna na kupiga, kisha ligawe kwa bei ya gunia. Tuseme jibu ni gunia 3. B haijashuka chini ya hapo mahali popote. A imeshuka Tunduru, na huyo mwenzenu amelima kwa hasara ya gunia moja kwa kila ekari. Mimi ningeichagua mbegu kwa swali hili kabla ya jingine lolote: katika shamba baya na mwaka mbaya, inarudisha gharama?

Ushauri wangu basi. Msinunue aina moja kwa wote. Mkichora mavuno ya kila aina dhidi ya wastani wa shamba, mistari ya A na B inakatana kwenye shamba lenye wastani wa gunia 5.4 hivi, juu ya hapo A inaongoza, chini ya hapo B. Kwa msimu ujao Peramiho waendelee na A kwa sharti la kupanda Desemba, kwa TSP na kwa dawa ya bakteria. Sharti moja likikosekana wahamie B. Namtumbo na Tunduru wachukue B. Mbinga tofauti ni nusu gunia, ambayo kwa nusu ekari moja isiyorudiwa inaweza kusababishwa na kichuguu au kivuli cha mwembe, kwa hiyo nisingeitumia kuamua. Hapo ningeuliza juu ya kutu.

Kutu ya soya huletwa na ukungu unaopeperushwa na upepo, na hupenda majani yaliyolowa kwa saa nyingi penye ubaridi wa wastani, hali ambayo milima ya Mbinga inayo. Uganda iliingiwa na ugonjwa huu mwaka 1996, mavuno yakaporomoka, na mwaka 2004 zikatolewa Namsoy 4M na Maksoy 1N zenye uwezo wa kuuhimili. Dalili huanzia majani ya chini karibu na kuchanua: madoa madogo ya kahawia, na ukigeuza jani unaona vipele vinavyoacha vumbi la rangi ya kutu kidoleni. Aina inayokaa shambani muda mrefu hukutana na kutu kwa muda mrefu zaidi. Mwaka wenye kutu nyingi unaweza kupindua mpangilio wenu wote, A iliyokuwa ya kwanza ikawa ya mwisho. Msimu mmoja usio na kutu hauwezi kuwaambia hilo.

Kuhusu kuuza mzigo mmoja: wanunuzi wa chakula cha mifugo na mafuta kwa kawaida huangalia ukavu, usafi na punje zilizovunjika, na A na B zikiwa zote za punje ya njano mara nyingi hupita pamoja. Muulizeni mnunuzi wenu kabla ya kupanda. Mtakachohifadhi kwa mbegu, hicho kisichanganywe kamwe.

C msiitupe bado. Iachieni kipande Tunduru, ambako imelingana na B bila kutumia hela ya mbegu ya dukani, mpaka mwone B inafanya nini hapo ikipandwa kwa wakati.

Jaribio la msimu ujao liwe dogo lakini lirudiwe. Nusu ekari moja kwa kila aina haiwezi kutenganisha aina na kipande cha ardhi ilichoangukia. Badala yake, kwa kila shamba wekeni vipande tisa: aina tatu mara tatu, kila safu ya vipande vitatu ikipigiwa kura ni aina ipi ikae wapi. Kila kipande kiwe na mistari mitano ya mita 5, sentimita 45 kati ya mistari na mche mmoja kila sentimita 5. Vyote tisa havizidi sana mita za mraba 100, na kwa aina moja gramu 300 za mbegu zinatosha. TSP na dawa vipewe vipande vyote, mashamba yote, na upandaji wa mashamba manne usipishane zaidi ya wiki moja baada ya mvua kushika. Mkitaka kujua dawa inafaa kiasi gani, ongezeni kando kipande kimoja cha kila aina kisicho na dawa, na kipandwe cha kwanza kabisa, kwa sababu mikono na majembe hubeba bakteria. Andikeni tarehe nne: kupanda, nusu ya mimea kuchanua, asilimia 95 ya maganda kubadilika rangi, na kuvuna. Andikeni na mvua, hata kwa chombo cha kawaida kilichonyooka na rula.

Vuneni mistari mitatu ya katikati, mkiacha nusu mita kila mwisho. Hiyo ni mita za mraba 5.4. Uzito wa kilo mkiuzidisha kwa 750 mnapata kilo kwa ekari: gramu 800 ni kilo 600, gunia 6. Msipime punje mbichi za Mbinga mkazilinganisha na kavu za Tunduru. Kama kuna kipima unyevu kwa mnunuzi au ghala la ushirika, toeni asilimia ya unyevu kutoka 100, zidisheni kwa uzito, gawanyeni kwa 87. Gramu 900 zenye unyevu wa asilimia 20 ni kama gramu 830 tu zikiwa na unyevu wa asilimia 13. Na msichelewe kuvuna. Jua la Tunduru hupasua maganda, na baadhi ya aina humwaga punje ndani ya wiki mbili tangu kukomaa. Hesabuni punje zilizo chini ndani ya fremu ya mita moja kwa mita moja: kila punje 100 hapo ni karibu kilo 60 kwa ekari zilizobaki ardhini. Sehemu ya mavuno ambayo A iliyakosa Tunduru huenda iliishia hapo.

Mkipata misimu miwili ya namna hiyo mtakuwa na mazingira manane, na hapo namba ya mwitikio (ile 1.8, 1.0 na 0.24) itaanza kuaminika. Shamba lilelile katika miaka miwili ni mazingira mawili, na tofauti ya mwaka na mwaka haitabiriki kama ya mahali na mahali.

Kuna mambo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Kama soya inabaki njano hata ikiwa na vinundu vyekundu, au inadumaa kwa mabaka shambani, pelekeni udongo maabara, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, kabla ya kununua mbolea nyingine. Chukueni sampuli kutoka sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, zichanganyeni, mpeleke nusu kilo. Mbegu ikishindwa kuota ilhali lebo ni halali, hilo ni la TOSCI. Mkiona vumbi la kutu kabla maganda hayajajaa, mwiteni afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo, maana dawa ya ukungu iliyochelewa wiki mbili ni hela ya bure. Na kwa uchaguzi wa aina kwa nyanda zenu, TARI Uyole, Mbeya, wameshughulika na soya ya ukanda huo kwa muda mrefu. Waombeni majina ya aina zilizosajiliwa pamoja na mwinuko unaofaa kila moja. Mkienda huko, bebeni daftari lenu la tarehe na mavuno, lebo za mifuko, na mimea mitatu mizima ya kila aina yenye mizizi, iliyofungwa kwenye gazeti lenye unyevu. Msiifunge kwenye nailoni, itaoza kabla hamjafika Mbeya.